Siku tuliyombeba Saidi kwenye jeneza la picha, Temeke

Wakuu, marahabaa.

Najua hamjaniamkia. Nimejiitikia mwenyewe, maana kungoja shikamoo ya vijana wa humu mtu atazeeka mara ya pili.

Mie kuandika sijui, sikutiwa shule. Nasema, mjukuu wangu Rehema anabonyeza. Nimemwapiza asitie chumvi wala asipunguze. Haya nimeyaona kwa macho haya haya, kabla hayajaingia mtoto wa jicho.

Juzi Rehema kanisomea uzi wa mwalimu mmoja wa waigizaji. Anajisifu anavyowakomaza wanafunzi wake: anawatukana mpaka walie, ndiyo anawasha kamera. Na nyie mkampigia makofi, "Mkuu umetisha!"

Nikasema ngoja, leo na mie nipewe nafasi.

Enzi za Mwingereza mie ni kigori, nakaa Temeke na bibi yangu. Kukaja Mzungu anatengeneza picha. Sio za kutundika ukutani, za kutembea, zile za kuonyeshwa kwenye shuka. Sie tukamwita Bwana Picha. Picha zake za Kiswahili, kwa hiyo anataka vijana weusi awafunze kuigiza. Akapanga banda Keko, jirani na maseremala, kila jioni anafundisha.

Vijana walimiminika kama wa siku hizi mnavyokimbilia hizo audition zenu. Makuli, madobi, wapishi wa Wazungu, wote wanataka kuwa stelingi.

Mie nilikuwa napeleka vitumbua vya bibi, nikimaliza kuuza nabaki dirishani. Nikirudi nyumbani namwigiza Bwana Picha, bibi anacheka mpaka kanga inamvuka.

"Wewe iko cheka! Hapana cheka! Nataka huzuni mingi! Huzuni mpaka ya miguu!"

Siku moja kanifuma nafanya hivyo mbele ya wanafunzi wake. Nikajua leo nachapwa. Wapi! Kacheka, kasema "Toto hii kuja ndani." Nikawekwa na wanawake wa kulia msibani. Bibi akakubali, ila vitumbua vinunuliwe vyote kila siku. Mjanja yule mzee.

Mkalimani alikuwa Bwana Titus, karani, Mkristo wa bara, suruali ina mkunjo wa pasi, ukigusa unakatika. Mzungu akisema neno moja, yeye analirefusha kama uzi wa tiara: "Bwana anasema, kijana, ya kwamba, maiti hana ruhusa ya kujikuna."

Na mafunzo yenyewe ndiyo hayo. Ukishaanza kuigiza huachi mpaka Bwana Picha mwenyewe atamke "Kata!" Unalazwa chini, unamwagiwa sisimizi miguuni. Unafukiziwa pilipili. Anayetikisika anavaa kandambili zake anakwenda kwao.

Vijana wakapukutika mpaka wakabaki wawili, Saidi na Hamisi. Nafasi ni moja: kuajiriwa picha nzima, halafu kupelekwa kusomea kazi hiyo.

Saidi alikuwa kuli wa magunia bandarini. Mama yake, Bi Zena, mjane, watoto wake wengine wote walikwenda wachanga, kabaki huyo huyo. Anakanda maandazi ya kuuza tangu alfajiri.

Saidi aliniambia, "Nikiipata hii, mama halali tena na unga kwenye kucha."

Nikamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimwambie najifanya maiti? Si atanitolea radhi! Nitamwambia nikishapata."

Sasa picha ilitaka msiba, kijana kafa. Saidi akapewa kufa, Hamisi akapewa kubeba, yeye na vijana wachache wa banda walioitwa tena kwa ujira. Bwana Titus akaenda msikitini kuazima jeneza. Imamu kamtazama juu mpaka chini: "Bwana karani, hili si sufuria la shughuli." Basi fundi wa Keko akachonga jingine, likafunikwa shuka la kijani, ukiliona huwezi kulijua.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, wakuu.

Kwetu jeneza likipita, mwanamume hakai. Kinyozi anaacha kichwa nusu. Mcheza bao anaacha kete mkononi. Hata marehemu humjui, unatia bega, unasukuma hatua zako, unampisha mwenzio. Ndiyo thawabu yako ya siku.

Bwana Titus wa bara, hakulijua hilo. Na wetu waliolijua walidhani watu wataiona kamera wataelewa. Kumbe kamera Bwana Picha kaificha juu ya lori, chini ya turubai, hataki watu waikodolee macho.

(Rehema anasema kuna mmoja keshauliza, "Bibi, mbona watu wenyewe hawakuuliza?" Tulia baba, utumbo wa kuku haulazimishwi kuiva. Nafika.)

Baada ya alasiri wakatoka bandani. Saidi kavishwa sanda, pamba puani, kalala. Tulitakiwa kufika kwenye kona tu, basi.

Kinyozi kaja. Wauza machungwa wakaja. Mafundi wakaacha randa. "Laa ilaha illa Llah," bega linapokea bega, jeneza likawa si letu tena. Vijana wa banda wakasukumwa pembeni. Kona tukaipita, lori la kamera linatufuata. Watu wameshika njia ya Temeke makaburini wenyewe, na njia hiyo inapita mlangoni kwa Bi Zena.

Mzee mmoja akamuuliza Hamisi, "Marehemu nani?"

Hamisi kafunzwa asitoke kwenye uigizaji mpaka aambiwe kata. Akajibu na machozi, "Saidi. Saidi wa Bi Zena."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anaigiza au alikuwa anaitaka ile nafasi.

Habari ya kifo haina miguu lakini inamshinda mtu mwenye baiskeli. Tulipofika kwa Bi Zena keshatoka, ushungi umedondoka, unga mpaka viwikoni.

"Mwanangu kaondoka asubuhi mzima! Nani kamwosha? Nani kamwosha mwanangu bila mie?"

Wakuu, mie naweza kumwigiza kila mtu. Mzungu, karani, Rehema hapa akiongea na mchumba wake. Sauti hiyo siigizi.

Wanaume wakasimama, wakalishusha jeneza mikononi. Wanawake wenzake walimshika, akawashinda, akamfikia, akaikumbatia miguu ya Saidi juu ya sanda.

Mie nilikuwa ubavuni mwa lori. Nilimsikia Bwana Titus akisema, sauti haina urefu tena, "Bwana, huyu mama yake kweli. Simamisha."

Na nikamsikia Bwana Picha: "Najua. Nzuri! Nzuri sana! Hapana simama!"

Kamera inakwenda krrrrr.

Na Saidi hakutikisika. Nililiona shuka pale kifuani, linapanda linashuka, linapanda linashuka. Mama yake anamwita kwa jina la utotoni, yeye kalala. Kafunzwa vizuri mno.

Nikajaza pumzi, nikapiga kelele kwa sauti ya Bwana Picha, ile ile ya puani: "KATA!"

Saidi akakaa.

Cheko lipo, nisiwanyime. Mzee mmoja wa kanzu aliruka ua wa makuti akaangukia kwenye mabata. Jeneza likatupwa. Njia ikabaki na viatu vitupu.

Ila Bi Zena hakukimbia. Alikuwa kapiga magoti mchangani, anamtazama.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka mlangoni."

Akaokota ushungi wake, akaukung'uta, akajitanda vizuri, akaingia ndani.

Mie nilifukuzwa pale pale. Saidi akapata nafasi. Bwana Picha alimshika mkono mbele ya watu, "Huyu iko mwigizaji kweli kweli!"

Akaenda nayo nyumbani hiyo furaha, akakuta hakuna wa kumpokea. Bi Zena alimpikia, alimfulia, alimtengea maji. Kuzungumza naye, basi. Akitaka kumwambia kitu anamtuma mtoto wa jirani: "Mwambie huyo kaka chakula tayari." Na Saidi kakaa palepale mbele yake.

Masika hayakumkuta. Alidondoka kando ya karai, anakaanga maandazi.

Sasa sikilizeni. Siku ya kumzika, jeneza la kweli, la msikiti, likapita njia ile ile. Kinyozi akaendelea kunyoa. Wa bao wakaendelea na bao. Jitu moja likasema kibarazani, "Leo mnapiga picha gani?"

Alibebwa na Saidi, Hamisi, imamu, na Bwana Titus, yule Mkristo wa watu, kavua koti. Hakuna wa kupokea bega. Walikuwa wanatua, wanapumzika, wananyanyua tena. Mie niliwachungulia ukutani kwa bibi mpaka wakapotea.

Picha ikaja kuonyeshwa uwanjani, shuka limetundikwa. Watu wakacheka kujiona. Halafu akatokea Bi Zena anakimbia na unga mikononi, wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga.

Saidi hakuwa na picha nyingine ya mama yake. Nani wa Temeke alikuwa na picha enzi hizo?

Basi gari la sinema likienda Kinondoni, Saidi yumo. Likivuka kwenda Kigamboni, yumo. Bunju huko porini kalifuata kwa miguu. Anasimama nyuma ya watu, haingojei sura yake. Bi Zena akishapita, anaondoka. Kazi ya kuigiza aliiacha kabla ya picha ya pili, akarudi kwenye magunia.

Nyie mnaolea vipaji, sikatai, kipaji kinataka kukandwa. Mwanafunzi afundishwe kunyamaza, kulia, hata kufa. Ila kabla hujamfundisha kufa, nenda kwao mchana kweupe. Piga hodi. Kaa kwenye mkeka, kunywa maji utakayopewa, mwambie aliyemzaa unataka kumfanya nini mwanawe. Akikataa, tafuta msiba mwingine.

Haya, nimechoka na Rehema vidole vimemuuma.

Mlioigiza maiti humu, na najua mpo: mama zenu waliambiwa na nani? Semeni wazi, natukanika pia, nitasomewa yote.