Vidato vya Mguu Usiokunjika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda mti nikiwa nimevaa baibui, kwenye bustani ya Liuhua huko Guangzhou, Wachina wamesimama kunitazama na mlinzi ananipulizia filimbi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa bado kijana, mwepesi wa mwili na mwepesi zaidi wa kuamua mambo. Cheka ukitaka, lakini usikilize.

Nilikuwa nimekwenda kununua viatu vya kuuza Kariakoo, kama wenzangu wote. Safari ile viatu havikunikaa kichwani hata kidogo. Nilikuwa namuwaza kaka yangu Saidi, mwindaji wa Rufiji mwenye kibali chake, ambaye mvua zilizopita alianguka kutoka mtini. Uwindaji wake ulikuwa wa kukaa juu jioni na kungoja pongo waje kunywa maji. Alipandia vipande vya mbao alivyopigilia misumari kwenye shina, na vile vipande vikaoza bila yeye kujua. Kimoja kikachomoka. Mguu wa kulia ulivunjika, na ulipopona goti likakataa kukunjika. Sasa msimu ulikuwa unakaribia kufunguliwa, kazi nyingine hakuwa nayo, na watoto wanataka kula. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba atapanda tena na safari hii tutaletewa maiti.

Kabla sijaondoka nilimganda: nikuletee nini, kaka, sema nikuletee nini. Mwisho akasema nimletee vile vidato vya chuma vinavyofungwa mtini kwa mkanda, kasikia wawindaji wageni wanavyo. Basi nikaondoka na neno hilo hivyo hivyo.

Guangzhou ikanikuta kiguu na njia. Pale barabara ya Zhanxi, penye maduka ya viatu, nilikuwa naacha bei katikati na kutoka nje. Nimekaa, nasimama. Nimeagiza chai, naiacha ipoe. Kontena tulilochangia na wenzangu lilikuwa karibu kufungwa, na mimi bado nahangaika na vyuma. Niliyekuwa nafuatana naye, Bi Rehema, mama mtu mzima wa Tanga aliyezoea njia ile kuliko sisi sote, alikuwa ananitazama tu na kutafuna karanga zake.

Hatimaye nikapata duka lenye bidhaa za kambi na uwindaji, zilizobaki kwenye oda za nje. Laobani, ndivyo tulivyowaita wenye maduka kwa lugha yao, alikuwa na aina mbili. Ya kwanza ina mkanda mwembamba na kifungio cha plastiki. Ya pili ina mkanda mpana, kifungio cha chuma, na meno mgongoni ya kuuma gome. Nikanunua sampo za kujaribia, mbili mbili za kila aina, nikaenda nazo bustanini na Bi Rehema kuzijaribu, maana dukani kulikuwa na nguzo ya zege tu, na zege halina gome.

Ile ya kwanza iliteleza nilipoikanyaga tu. Ya pili ilishika. Nikapanda, nikavuta kidato kingine, nikakifunga juu zaidi, nikapanda tena. Nilijiona mjanja kweli. Nikamwambia Bi Rehema kwa sauti kwamba nitakwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, nishonewe mikanda mirefu zaidi maana miti yetu ni minene, na kwamba vidato nitavipanga mbali mbali ili Saidi afike juu sana, pasipo na mnyama wa kumnusa.

"Shuka," akasema.

Nikashuka. Mlinzi naye akaridhika, akaenda zake.

"Habiba, hapo umepanda na miguu mingapi?"

"Miwili, Bi Rehema."

"Inakunjika yote?"

Nikajitia kufungua kidato mtini.

"Umemuuliza laobani habari za chuma. Wa Zhongda unakwenda kumuuliza habari za mkanda. Mwenye mguu umemuuliza?"

"Yeye ndiye aliyeniagiza."

"Amekuagiza, au umemshika shati mpaka akatoa neno ili umwachie?"

Mwanangu, nilikasirika. Nilitangulia mbele kwa hatua ndefu, yeye nyuma na karanga zake. Nilikasirika kwa sababu nilijua amenipata.

Kesho yake tukaenda kwenye duka la simu. Saidi alikuwa Dar kwa shangazi yetu, anaendelea na hospitali, na jirani mwenye simu akamwita. Kusikia sauti yake tu nikaanza: vipo vya aina mbili, kaka, hivi vina meno, mkanda naongeza, rangi ni ile ya majani, utafika juu kabisa. Bi Rehema akanishika mkono, akaweka kidole mdomoni. Nikanyamaza. Nilikuwa na hamu ya kusema, natikisa mguu, nauma kucha, na Bi Rehema hakuniachia mkono.

Ndipo Saidi akasema, "Habiba, mimi naogopa."

Kaka yangu, aliyekuwa akilala porini peke yake.

"Nikiutazama mti mrefu, mikono inalowa jasho. Nilikwambia uniletee vile ili uache kuniuliza. Sijamwambia mtu."

Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya mwenye simu. Nikamuuliza, taratibu safari hii, "Unataka nini, kaka?" Na nikangoja.

Akasema anataka kukaa chini chini, pale ambapo hata akianguka atainuka mwenyewe. Pongo wakimnusa, atahangaika na upepo, hilo analiweza. Akasema sasa anapanda kama mtoto anayejifunza ngazi: mguu mzima unatangulia, mbovu unafuata, yote miwili inatua pamoja ndipo anaendelea. Na anataka mahali pa kushika.

Nikarudi dukani mbio. Nikamwonyesha laobani kwa mikono: unganisha viwili viwe kimoja kipana, meno yabaki, mkanda mmoja, na juu uweke kitanzi cha kushikia. Akatikisa kichwa, "Bu xing," yaani haiwezekani. Sikuwa na Kichina cha kumwelezea. Nikaenda kwenye ngazi za duka lake, nikaukaza mguu wa kulia, nikapanda kama Saidi, nikiuburuta, wateja wananitazama. Akacheka. Nilipofika juu nikageuka, akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akapiga goti lake mwenyewe, akaniuliza kwa vidole ni nani. Nikasema, "Gege." Kaka. Akamwita fundi wake wa kuchomelea.

Vidato vile vilikuwa vichache, vipana na vizito, na havikumpandisha Saidi hata usawa wa paa la nyumba. Vilimtosha. Siku ya kwanza nilikwenda naye. Akaweka mguu mzima, akauvuta ule mwingine, akatulia, akapumua. Mkono wake ulikuwa kwenye kitanzi, nami nilikuwa chini na maneno yamenijaa mdomoni. Nikayameza yote. Alipokaa juu alinitazama, akasema, "Haya, nenda nyumbani sasa, unawafukuza wanyama." Aliwinda mpaka alipoamua mwenyewe kuacha.

Basi, mwanangu, nakuona na haraka yako. Ukimpenda mtu mwenye shida, miguu yako itataka kukimbia dukani kabla masikio hayajafanya kazi. Izuie. Muulize, kisha ufunge mdomo, umngoje amalize, hata kimya kikikuchoma. Jibu la kwanza mara nyingi ni la kukuondoa tu, na la kweli huja nyuma yake, polepole, maana limebeba aibu. Na mimi sasa goti langu limeanza kuuma, nawasikia mnanong'onezana habari za fimbo na viti vya bafuni. Njooni mniulize, kisha mkae.

Mungu akupe subira ambayo mimi niliazima mkononi mwa Bi Rehema. Akupe watu wa kukwambia shuka, na moyo wa kushuka. Na yeyote utakayemshikia mti, amjaalie afike juu salama na ashuke kwa miguu yake.