Mshale Uliotazama Kusini

Ukitaka kucheka, cheka sasa, umalize, kisha unisikilize. Haya hayakumpata jirani yangu wala binamu ya rafiki yangu. Yalinipata mimi, hapa Garissa, nikiwa na akili timamu na tumbo limeshiba. Pombe sinywi, na hata ningetaka, mji huu si mahali pa kuipata kirahisi. Kwa hiyo wazimu, njaa na pombe viweke kando kabisa.

Kazi yangu ni kuchora. Nachora ramani na mipango ya ujenzi kwa kompyuta, na nikimaliza naipanga kwenye slaidi ili wakubwa waitazame ukutani. Kwetu ni Mwingi, huku nimeletwa na kazi. Na tabia yangu ni moja: sipendi kitu kilichopinda. Nikiingia hotelini nikakuta meza imekaa upande, naisukuma kabla sijaagiza chai. Ofisini walinibandika jina la Rula, nami nililipenda. Sasa mtu wa namna hiyo mpe programu yenye kitufe cha kupanga maumbo kwenye mstari mmoja. Unachagua visanduku vyote, unabofya mara moja, vyote vinanyooka. Ukikivuta kimoja karibu na mstari, kinanaswa chenyewe. Niamini, nilikipenda kitufe kile kuliko mtu anavyopaswa kupenda kitufe.

Msimu huo mvua ilikuwa imezidi na Mto Tana ulikuwa ukila ukingo wake. Makaburi ya zamani yalikuwa karibu kufikiwa na maji. Wazee wa msikiti wakakubali yahamishwe hadi uwanja mpya, juu, mbali na mto, na kampuni yetu ndogo ikapewa kazi ya kupima na kuchora. Mpimaji wetu alikuwa Dekow, mwenyeji wa hapa, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alipima kaburi moja moja. Kila kaburi likawa kisanduku, na ndani ya kisanduku akaweka mshale mdogo wa kuonyesha uso wa marehemu umeelekea wapi. Muislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla, na ukiwa Garissa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Kwa hiyo mishale ilielekea upande wa juu wa karatasi. Mimi nilitakiwa kuvihamisha visanduku hivyo kwenye ramani ya uwanja mpya, safu kwa safu, ili wachimbaji wafuate.

Kisanduku kimoja kilinikera. Kilikuwa mwisho wa safu ya mwisho, kando ya ua wa makaburi, kimetoka nje ya mstari, na mshale wake ulitazama chini, yaani kusini. Ilikuwa Ramadhani, nikajiambia Dekow alichoka na saumu akakosea. Kumwuliza ilikuwa vigumu, maana Injinia, bosi wetu, alikuwa amemtuma Liboi kupima kiwanja karibu na mpaka, na simu ya huko kuipata ni bahati. Basi nikakisogeza kisanduku kwenye mstari, nikaugeuza mshale, nikahifadhi kazi, nikaenda kula chapati zangu nyuma ya ofisi mahali ambapo waliofunga hawanioni.

Niliporudi mshale ulikuwa chini tena, na kisanduku nje ya mstari.

Nikadhani sikuhifadhi. Nikarudia, safari hii nikakifunga kisanduku kwa ile amri inayokataza umbo lisisogee. Nikageuka kuchukua karatasi kwenye printa, kugeuka tena, mshale uko chini. Nilizima kompyuta, nikaiwasha. Chini. Wewe ungefanya nini? Mimi nilikasirika. Nilishinda mchana mzima nikigombana na kisanduku kimoja, na wasilisho kwa wazee lilikuwa limekaribia.

Jua likazama, adhana ya Magharibi ikatoka misikiti yote kwa pamoja. Kama umewahi kukaa Garissa wakati wa Ramadhani unaijua saa hiyo. Barabara hubaki tupu, maduka hayana mtu, kila mmoja yuko mbele ya tende na sambusa zake. Bishar, mlinzi wetu, alifunga lango akaenda kufuturu ng'ambo ya barabara. Nilibaki peke yangu. Dirisha lililo mbele ya meza yangu linatazama kaskazini, na mlango uko nyuma yangu, kusini.

Nikasikia miguu ikiburuta. Nikageuza kiti. Mwanamke alikuwa akiingia kinyumenyume.

Mwanzoni nilidhani anavuta mzigo, pengine mtungi wa maji. Hakuwa na mzigo. Alikuja hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mgongo kwangu, amejifunga leso mbili na kitambaa kichwani, mpaka akakifikia kiti cha wageni akakaa, uso mlangoni, mgongo kwangu bado. Nikamwambia ofisi imefungwa. Akanisalimia kwa Kikamba. Kikamba chetu cha Mwingi, si cha Machakos. Nakusimulia kwa Kiswahili ili uelewe, lakini kila neno alilisema kwa lugha ya mama yangu.

"Kaka," akasema, "usinigeuze."

"Nani amekugeuza, dada?"

"Wewe. Tangu asubuhi. Unanigeuza, narudi. Unanigeuza, narudi. Nimechoka."

Niligundua kwamba pindo la leso yake lilikuwa limejaa udongo mkavu, na udongo ule ulikuwa ukidondoka sakafuni bila yeye kujitikisa. Nilitaka kuzunguka nimwone uso. Sikuthubutu, wala sioni haya kusema hivyo.

"Mimi nikitazama huko," akasema, "huyu naye atatazama wapi?"

Akaweka mkono tumboni, akageuza kiwiliwili kidogo, nami nikaliona tumbo kwa upande. Lilikuwa tumbo la mwanamke aliyebakiza siku chache ajifungue. Nikamwambia, "Sitakugeuza tena."

"Uniahidi."

"Nakuahidi, dada."

Alisimama akatoka kwa mwendo wa kawaida, kama mtu yeyote anayetoka ofisini. Kwa kuwa mlango uko kusini, mgongo wake ulibaki kwangu mpaka akapotea. Uso wake sikuuona, na wakati huo nilidhani hiyo ni bahati mbaya.

Bishar aliporudi na tende zangu mkononi nilimwuliza kama amempitisha mwanamke langoni.

"Mwanamke gani? Lango nilifunga mimi. Funguo hii hapa," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Hakuna mtu amebita." Kisha akautazama udongo ulio chini ya kiti cha wageni, akasema Bismillahi, akaenda kuleta ufagio.

Kisanduku nilikiacha nje ya mstari, mshale chini. Mimi Rula! Nilihifadhi kazi, nikaenda nyumbani, nikalala taa inawaka.

Asubuhi Injinia aliingia mbio. Mto ulikuwa umepanda usiku, wazee walikuwa wameacha habari ya wasilisho, walitaka makaburi yahamishwe siku hiyo hiyo. Akafungua ramani kwenye kompyuta yake.

"Na huyu mmoja mbona amelala na kiburi?"

"Mwache, bosi," nikasema. "Ndivyo alivyo. Tumngoje Dekow."

"Dekow yuko Liboi. Mto unamngoja Dekow?" Akacheka. "Rula leo anatetea kilichopinda! Maajabu."

"Bosi, mwenye kaburi alikuja hapa jana."

"Umeanza kufunga na wewe? Nenda ukale kitu, bwana." Akachagua visanduku vyote, akabofya mara moja. Kwenye kompyuta yangu mshale ule ulikuwa umepigana mchana kutwa. Kwenye yake uligeuka na kutulia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na nadhani yule mwanamke alikuwa amechoka, kama alivyosema. Injinia akachapisha, akampa dereva karatasi zipelekwe kwa wachimbaji. Nikabaki nimesimama na ahadi yangu mdomoni.

Nilimpigia Dekow nikapiga tena, mpaka adhuhuri simu ikaingia. Nikamtajia kaburi la mwisho kando ya ua.

"Walaal, ndugu yangu," akasema, "hiyo kaburi ni ya bibi yangu. Mwende. Mtu ya kwenu, Mwingi."

Sikujua. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikujua kwamba aliwahi kuoa.

"Alikufa na mimba," akaendelea. "Mtoto ilikuwa karibu kuzaliwa. Mwende alikuwa Mkristo, na mimi sikumlazimisha kubadilisha dini. Lakini mtoto ni wangu, ni Muislamu. Mtoto akiwa tumboni anaangalia mgongo ya mama yake. Sasa mama analazwa mgongo kwa kibla, ndio mtoto aangalie kibla. Na tunamweka kando kidogo, si kwa mstari. Hiyo mshale iko sawa, wallahi. Inasema hapo kuna watu wawili. Mimi nilitaka niwe hapo hiyo siku, niwatoe na mikono yangu. Usikubali waguse mbaka nifike."

Nikamwambia wameshaanza. Nilisikia akimwita Mungu, kisha simu ikakatika.

Nilipanda bodaboda mpaka uwanja mpya. Aliyesimamia mazishi alikuwa sheikh kijana aliyevaa gambuti, matope mpaka magotini. Nilimweleza habari ya Mwende, ile ya ofisini nikaiacha. Hukumu hiyo aliijua vizuri, rangi yake ilibadilika nikiwa bado naongea. Akawaita wachimbaji wa safu ya mwisho.

"Huyu wa mwisho mlimkuta amelala vipi?"

"Alikuwa amelazwa vibaya, sheikh," mmoja akajibu, na alijibu kwa kujivunia. "Amegeuka bande ingine. Tukamtengeneza vile karatasi inasema."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Hawakuwa na kosa. Maji yalikuwa yanawafukuza, walikusanya mifupa ya mtu mmoja kwa sababu karatasi ilisema mtu mmoja. Mifupa midogo waliihesabu kuwa udongo. Sheikh alichukua jembe, tukaingia gari pamoja, tukaenda mtoni.

Safu ya mwisho haikuwepo. Ua haukuwepo. Ukingo ulikuwa umekatika, na pale palipokuwa na kaburi la Mwende palipita maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Sheikh aliliweka jembe chini akaanza kuomba dua. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona.

Dekow alifika jioni, vumbi la barabara nzima ya Liboi usoni. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliuliza swali moja tu.

"Mshale uliona?"

"Niliuona."

Akatikisa kichwa polepole. Sheikh akamwuliza kwa upole kama anataka Mwende afukuliwe arudishwe alivyokuwa, mgongo kibla. Dekow aliutazama mto.

"Kwa ajili ya nani sasa?" akasema. Wakamwacha alivyo, uso kaskazini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dekow aliacha kazi yetu. Watu humwona ukingoni nyakati za alasiri, akitembea upande wa chini mto unakoelekea, macho kwenye mchanga. Injinia hataki habari hizi zitajwe ofisini, lakini siku hizi hagusi kitufe kile, ananiita mimi nikamfanyie.

Nami? Mwende bado anakuja. Si kila siku. Huja saa ile ya Magharibi, miguu ikiburuta. Nilihamisha meza, nikahama chumba, nikaenda hata kwetu Mwingi mwezi mzima, na akaingia kwa mlango wa kusini wa nyumba ya mama yangu. Tofauti ni kwamba haji tena kinyumenyume. Anakuja akitazama mbele, kaskazini, nilipo mimi. Sasa hana sababu ya kunipa mgongo. Uso wake sitakueleza, usiniombe. Nitakwambia tu kwamba mikono yake miwili iko tumboni, na tumbo limelala bapa. Hanisemeshi. Anaonekana kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokuja kuchukua, akitumaini mimi ninakumbuka.

Basi wewe unayepanga vitu, uwe unachora ramani au unapanga slaidi za harusi, nisikilize. Ukikuta kimoja kimepinda kati ya vilivyonyooka, usikimbilie kukinyoosha. Uliza kimepindwa na nani na kwa nini, kuuliza si ujinga. Na kama wa kumwuliza yuko mbali, mngoje, hata mto ukipanda. Sisi hatukungoja, na leo kuna mtoto ambaye hakuna mtu duniani ajuaye ametazama wapi.