Picha za Mama Mudogo Nilizozifuta

Kosa langu la mwanzo katika upigaji picha lilikuwa kufuta. Kabla sijajua kupiga sura ya mtu vizuri nilishajua kufuta, na nilifuta haraka, kama mtu anayeficha nguo chafu wageni wakibisha hodi.

Sikuwa na mwalimu. Kamera niliinunua ikiwa imeshatumika, na mengine nilijifunza kwenye simu, kwa video za Kifaransa nilizozitazama mara tatu tatu katika chumba changu cha mbao huku Vulamba, mjini Butembo. Nilikuwa na daftari. Kila picha niliyopiga niliipa alama juu ya kumi, na iliyokosa saba niliifuta siku hiyohiyo. Hakuna aliyeniagiza. Niliogopa tu kwamba siku moja mtu ataikuta picha yangu mbaya na kusema, kumbe huyu ndiye anajiita mpiga picha.

Nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa chenga, zile punje zinazotokea pichani kamera ikilazimishwa kuona penye mwanga mdogo. Kwa hiyo sikuilazimisha. Niliiacha ifungue jicho lake polepole, mwanga uingie mpaka utoshe. Nilijua kwamba jicho likikaa wazi muda mrefu, chochote kinachotikisika kinageuka ukungu. Lakini nilidhani kazi ya kutotikisika ni ya yule anayepigwa picha.

Mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea. Aliishi Beni, katika komini ya Ruwenzori, akiuza mafuta ya mawese. Alikuja Butembo mwezi mmoja baada ya kumzika kaka yake. Kwetu picha ya marehemu hutangulia jeneza. Mmoja wa wajukuu huibeba kifuani, na watu wa barabarani huiangalia hiyo kabla ya kitu kingine. Ya mjomba ilikuwa imekuzwa kutoka kwenye kadi yake ya mpiga kura, kwa sababu hakuwa na nyingine. Ilikuwa ya kijivu, macho hayaonekani, na muhuri umepita juu ya kidevu.

«Nilitembea nyuma ya ile foto mpaka ku makaburi,» aliniambia, «nikajiuliza, huyu mutu ni nani? Mi hapana penda batu baulize vile juu yangu. Weye uko na kamera. Unipige, uniweke mu kadre ya kioo, kazi iishe.»

«Mama mudogo, ungali na nguvu.»

«Njo maana. Unataka unipige nikiisha kukonda?»

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge cha kijani alichokiweka kwa ajili ya misa kubwa. Nilimkalisha kando ya dirisha, mwanga ukimgusa shavu la kushoto. Upande wa pili nilitundika shuka jeupe ili kivuli cha usoni kisizidi. Nje kulikuwa na mawingu, na mwanga ulikuwa laini lakini hafifu. Niliweka kasi ya jicho la kamera kwenye sehemu moja ya nane ya sekunde. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka kwa miaka miwili hivi. Nililijua hilo kama nilivyojua jina lake, na bado niliiacha kasi ileile. Aliuweka mkono juu ya goti.

«Usitikisike, mama mudogo.»

«Mi hapana nguzo.»

«Kidogo tu. Usipumue.»

«Unanipiga foto ao unapima kiwanja? Jua litashuka tungali hapa.»

Alicheka, nami nikamwambia asicheke.

Nilipiga picha thelathini na moja. Jioni nilizikuza kwenye kompyuta moja moja. Uso ulikuwa wake kabisa, hata ile namna ya kukaza midomo anapongoja mteja aache kubishana. Lakini mkono ulikuwa wingu katika zote. Niliandika nne, tano, nne. Ile aliyocheka niliipa sita. Nikazifuta zote, na nakumbuka nilisikia nafuu, kama mtu aliyenawa mikono.

«Hata moja?» aliniuliza.

«Hata moja.»

«Basi nilivaa kitenge bure. Utanipiga tena, mais usikawie.»

Akarudi Beni. Mimi nikaanza kujifunza kwa bidii ambayo leo inanitia aibu. Nilipiga kuku wa jirani wiki nyingi, kwa sababu kuku hatulii hata ukimwomba. Ndipo nilipoelewa kwamba nikiiweka kasi kwenye moja juu ya mia moja ishirini na tano, mkono wa mtu unasimama pichani hata ukiwa unatetemeka, na kwamba chenga kidogo haziui sura. Nilijaza memori ya kamera kwa kuku, nikafuta, nikajaza tena.

Alinipigia simu. «Foto yangu?»

«Nitakuja Beni Jumamosi, kama hakuna mawingu.»

«Mawingu yanakukatazaka nini? Weye ni ndege?»

Jumamosi hiyo kulikuwa na mawingu, sikwenda. Jumamosi iliyofuata watu walisema barabara si nzuri. Walikuwa na haki, barabara ile tunaijua, watu wenye silaha huvizia magari. Lakini magari yaliondoka na yakafika, na nasema kweli, siku hiyo nilifurahi kupata sababu. Nilikuwa naogopa kufika na kukosa tena.

Presha ilimuua asubuhi ya siku ya soko, kabla hajafungua bidoni la kwanza la mafuta.

Kabla ya kupanda gari la kwenda Beni, nilipeleka memori ya kamera kwa fundi wa simu mjini. Alikuwa na programu inayorudisha vitu vilivyofutwa. Alihangaika saa nzima huku mimi nimesimama nyuma ya bega lake.

«Ndugu, niko naona makuku tu,» akasema. «Uko unafuga?»

Nilijibu ndiyo, nikatoka.

Beni nilipokelewa na binti wa mama mudogo, ambaye tulikua pamoja na ambaye namwita yaya, yaani dada mkubwa. Aliniita pembeni, mbali na wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, yale majani ya muhogo, uani.

«Mudogo yangu, si ulimupigaka foto kule Butembo? Alituambia hata kitenge alichovaa.»

«Memori ya kamera iliharibika, yaya.»

Akasema basi, ni Mungu. Akanipa kadi ya mpiga kura ya mama yake, akaniomba niikuze, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Niliiweka dirishani nikaigeuzageuza mpaka plastiki ikaacha kung'aa, nikaipiga. Sikuhitaji kufikiri kuhusu kasi, maana kadi haitikisiki. Kwenye kompyuta niliuondoa muhuri nukta kwa nukta, nikapunguza weusi wa mashavu, nikafanya yote niliyojifunza. Macho sikuweza kuyarudisha. Hayakuwamo. Binti mkubwa wa yaya aliibeba mbele ya jeneza, nasi tukafuata. Karibu na soko mwanamke mmoja aliyenunua mafuta kwa mama mudogo miaka mingi alisimama, akaitazama picha ile kwa muda, kisha akaniuliza tunamzika nani. Nikamwambia. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Matanga yalipoisha, watu wakiwa wametawanyika, mimi na yaya tulibaki kupanga viti vya plastiki. Nikamwambia kweli.

«Donc memori haikuharibika,» akasema.

«Nilizifuta.»

«Zilikuwa mubaya?»

«Sura ilikuwa nzuri. Mukono ulikuwa unatikisika.»

Aliweka kiti juu ya kingine, kisha kingine.

«Mukono yake ilikuwaka inatikisika,» akasema. «Njo ilikuwa mukono yake.»

Akauliza zilikuwa ngapi, nikamwambia thelathini na moja. Aliirudia hesabu hiyo polepole, bila hasira, kisha akaingia ndani na kuniachia viti vilivyobaki.

Miezi mingi hakupokea simu zangu. Sasa anapokea. Tunaongea juu ya watoto, juu ya bei ya mafuta, juu ya barabara. Juu ya kamera haulizi, nami sijathubutu kumwomba akae mbele yangu nimpige.

Siku hizi sifuti picha ya mtu. Mtu akikaa kando ya dirisha langu, napandisha kasi na kukubali chenga, na kabla hajasimama namwonyesha zote, hata zile ninazozionea haya. Anachagua mwenyewe, naye anaondoka na picha yake siku hiyohiyo.