Galoni Moja ya Pampu Nyekundu

Mie nilikuwa mtu wa pampu nyekundu, na wala usingenambia kitu nikakusikia. Siku zile Ujamaa umepamba moto, petroli ya shida, watu wanashukuru kupata chochote chenye harufu ya mafuta, lakini mie nachagua! Nakaa Temeke, kituo cha pampu ya kijani kiko hatua chache tu toka nyumbani, nakipita kama sijakiona, naendesha mpaka Kinondoni kutia nyekundu. Nilikuwa naapa kabisa: nyekundu ina nguvu, gari linapanda mlima bila kukohoa, na galoni yake inakwenda mbali kuliko galoni ya mtu mwingine yeyote.

Mke wangu aliniuliza siku moja, "Hivi wewe, unachoma mafuta kwenda kufuata mafuta?"

Nikawaka. "Mambo ya injini umeyajulia wapi?"

Akacheka, akaendelea kukuna nazi yake.

Sasa, magari yenyewe hayakuwa yangu. Miaka minane nilikuwa naomba zamu kwenye teksi za watu. Leo ninalo, kesho mwenyewe kalichukua kampa shemeji yake. Ndipo madereva wa mtaani tukaungana, tukaanzisha ushirika kama tulivyokuwa tunahimizwa, na baada ya kuchanga kwa muda mrefu tukapata gari. Moja tu! Jeupe, la Kifaransa, viti havijachanika hata kimoja. Watu wanane, usukani mmoja. Wengine walikuwa na vibarua vyao, wakasema watangoja gari la pili. Waliobaki kuutaka usukani ule tulikuwa wawili, mie na mtani wangu. Atakayeukosa, arudi kuomba zamu.

Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na utani wetu ni wa tangu mababu. Huyu bwana alikuwa na haki ya kunitukana mbele ya wakwe zangu na kumchukua kuku wangu akamchinja, nami sina pa kumshtaki. Na haki hiyo aliitumia, wallahi! Nikitaja nyekundu tu, anashika mbavu. "Wazaramo bwana! Kazi hamtaki, mnataka petroli ndiyo iwafanyie."

Mwenyekiti wetu wa ushirika, mzee mkavu ambaye pia alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, akakata shauri. "Mafuta hakuna. Gari hili ataendesha anayejua kuyatunza. Kila mmoja galoni moja, gari hilihili, njia ileile: Temeke, Pugu, Kisarawe, na kurudi. Mafuta mtachagua wenyewe. Atakayezimikiwa mbali zaidi, gari lake."

Weee! Niliruka! Niliona nimeshaupata usukani. Nikaazima baiskeli, nikaenda Kinondoni, nikarudi na kopo langu la galoni nimelifunga nyuma kwa mpira, jua la utosi, nami naimba njia nzima. Mtani alijaza lake palepale kwenye kijani, hatua chache, akarudi anatafuna muwa. Makopo yalifanana, yote ya mafuta ya kupikia, basi mie langu nikalifunga kitambaa chekundu kwenye kishikio chake. Yote mawili tukayaweka kwa mwenyekiti, kwenye kibanda chake cha kuni.

Jumamosi asubuhi alianza mtani. Fundi alilikausha tangi mbele yetu, galoni ikamiminwa, mwenyekiti akakaa kiti cha mbele. Mtani akaondoka na honi! Tuliobaki tukangoja tunabishana mpaka koo zikakauka. Aliporudi alikuwa anasukumwa na vijana wa Gongo la Mboto, maana ndipo alipozimikiwa wakati wa kurudi. Maili ishirini na saba. Ajabu, siku ile hakunitania. Alikwenda kunawa uso, akaenda zake.

Jumapili zamu yangu. Nililala sikulala. Nilipoona kopo lenye kitambaa linamiminwa kwenye tangi, nikahisi kama ni mie ninayeongezewa damu. Nikavua viatu. Nilisema moyoni, mafuta haya ni bora, nikiyapeleka ovyo nitayaaibisha. Basi nikawa nakanyaga kwa kidole gumba tu. Gia nawahi kuzipandisha. Nikiona mbuzi mbele barabarani, nauinua mguu mapema, sisubiri breki. Mteremko wa Pugu nikauacha utubebe wenyewe, na mwenyekiti pembeni kainamisha macho, nikadhani anatazama mita ya maili. Kisarawe tukageuza. Gongo la Mboto ilipokaribia, nikauinamia usukani. Tukafika alipozimikiwa mtani. Tukapita! Nikapiga kelele, "Nyekundu hiyo!" Mwenyekiti akaniambia nitazame mbele.

Gari lilizima maili mbili kabla ya nyumbani. Thelathini na mbili! Nilishuka pekupeku, nikacheza peke yangu kwenye lami, watu wa basi wakanichungulia madirishani.

Tulipolisukuma mpaka kwa mwenyekiti, wanaushirika wote walikuwa wamejaa uwanjani, na mke wangu kaja na kanga yake mpya. Mwenyekiti akatoa funguo. Kabla hajanikabidhi, mie mdomo wangu huu, nikasimama juu ya jiwe nikahutubia. Nikasema mmeona wenyewe, ubishi umekwisha, kuanzia leo ushirika ununue nyekundu tu, hata kama ni kuifuata Kinondoni kwa miguu. Watu wakaanza kunyoosha mikono kuunga mkono.

Mtani akainuka.

"Shusheni mikono," akasema. "Kitambaa nilikihamisha mie. Jana alfajiri, nilipokwenda kuchukua kopo langu. Nyekundu yake nimeimaliza mie. Yeye leo kaenda na kijani yangu."

Kisebusebu na kiroho papo! Mwaka mzima ananicheka, kumbe naye alikuwa anaiamini kuliko mie!

"Mwongo!" Nikamrukia, nikamkamata ukosi wa shati. Watu wakanishika: "Mtani wako huyo, mtani wako!" Nikamwachia. Ndipo bwana mmoja nyuma akasema kwamba ikiwa makopo yalibadilishwa, basi shindano limeharibika, lirudiwe. Mwingine akasema kweli. Nikaiona ile miaka minane inarudi. Nilimtazama mke wangu, naye kaziba mdomo kwa kanga.

Mwenyekiti hakuinuka hata kwenye kigoda. "Mtani kuchukua cha mtani si kesi, kwa hiyo hilo limekwisha. Na nyie mnaobishania rangi za pampu, mtambo wa kusafisha mafuta si uleule mmoja, pale ng'ambo ya Kigamboni? Mlidhani nyekundu inachimbwa peponi?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mie nimekaa na wote wawili. Huyu wa jana, kila aliposhangiliwa alikandamiza mguu. Huyu wa leo nilikuwa namtazama mguu wake toka Temeke mpaka Kisarawe." Akanigeukia. "Si petroli, bwana. Wewe ni dereva mzuri."

Akaniwekea funguo mkononi.

Miaka minane abiria walikuwa wananiambia gari zuri, njia nzuri, leo tumewahi, Mungu mkubwa. Hilo la dereva mzuri nilikuwa sijawahi kuambiwa na mtu, na hata mie mwenyewe sikuwahi kujiambia. Mtani alikuja akanishika bega, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila utani, ule mteremko wa Pugu nimeupita vipi. Nikamwambia nitamwonyesha kesho. Kisha nikazunguka nyuma ya gari, nikachuchumaa kama natazama tairi, nikalia.