Deni Nililomdai Marehemu

Watu wakiniuliza nilivyopata cheti changu cha chuo kikuu, huwaambia nilimaliza kulipa karo. Si uongo. Ila karo hiyo ilimalizwa na mjane mmoja wa Karungu ambaye hakuwahi kunikopa hata shilingi.

Aliyenikopa ni mwanawe, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza chuoni. Tulilala chumba kimoja na kula sufuria moja. Mama yangu alipopokea malipo ya miwa alinitumia elfu thelathini na mbili nilipe salio la karo, maana bila hivyo chuo hakinipi cheti. Rafiki yangu akaniomba pesa hizo kwa wiki mbili tu, anunue omena, dagaa wa ziwani, ufuoni aje kuiuza Migori mjini. Hatukuandikiana chochote. Mimi niliyebishana na wahadhiri juu ya kila kitu sikumwuliza swali hata moja.

Wiki mbili zikawa miezi minane. Kila nikipiga simu, yuko kwenye mkutano. Muuza omena gani ana mikutano kila siku?

Kisha nikapata kazi Homa Bay, kwa sharti kwamba nipeleke cheti kabla ya mwezi kwisha. Wiki hiyohiyo baba yake akafariki. Nilijiambia naenda mazishini kumpa pole. Nilikuwa naenda kumkamata.

Kabla ya jeneza kushushwa, mzee wa ukoo alisimama na kuuliza, kama inavyofanywa kwetu: "Kuna mtu anamdai marehemu? Aseme sasa. Tukishamfunika, tusisikie mtu."

Fundi mmoja wa nyavu akanyoosha mkono, akasema anamdai mzee deni la elfu mbili. Likaandikwa kwenye daftari. Hakuna aliyemwomba risiti.

Rafiki yangu akaja akainama kando ya kiti changu. "Omera, ndugu yangu, simama."

"Nisimame nifanye nini?"

"Sema mzee alikuwa na pesa yako. Watalipa. Hapa hakuna mtu anabishana."

"Baba yako hata hakunijua."

"Sasa atakataa?" Alicheka kidogo, kwa pua.

"Pesa umekula wewe."

"Na cheti unataka wewe. Mimi sina kitu, hata ukinipeleka polisi."

Sikuwahi kuiamini desturi ile. Chuoni niliidhihaki hadharani: aliyekufa hajui lolote, kwa hiyo deni lake litamsumbua vipi? Siku hiyo nilijirudia hoja hiyo pale kitini, na kwa mara ya kwanza ikanifaa. Kama marehemu hajui lolote, nitakuwa nimemkosea nani?

Nikasimama. Nikataja elfu thelathini na mbili. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Watu wakanong'ona. Mzee wa ukoo akauliza, "Zilikuwa za nini?"

"Za biashara ya omena."

Mjane aliinua uso. Nilikuwa nimewaza jeneza tu. Yeye sikuwa nimemfikiria hata kidogo. "Hakuniambia," alisema polepole. "Lakini kama umesimama mbele yake ukasema, basi ni kweli. Hatumlazi na deni, nyathina." Nyathina, mwanangu. Hivyo ndivyo alivyoniita. Mwanawe halisi alikuwa nyuma yangu, ameinamisha kichwa kama mfiwa mwema.

Baada ya wiki mbili simu yangu ikalia. Pesa zimeingia, zote, kutoka kwa mjane. Rafiki yangu naye akapiga, safari hii hana mkutano. "Umeona? Mama ameuza ng'ombe wake wa maziwa. Sasa tumemalizana, omera, usinitumie tena zile meseji za matusi."

Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe. Ningeweza kumrudishia mjane pesa siku ile na kumweleza ni nani aliyezila. Nilikwenda chuoni nikalipa.

Nikiwa bado kwenye foleni ya kuchukua cheti, mjane mwenyewe alinipigia.

"Nyathina, umehesabu? Kama imepungua, sema."

"Imetimia, mama."

"Basi niambie jambo moja, nipate usingizi. Umemsamehe mzee wangu?"

Aliyekuwa mbele yangu akasogea, nami nikasogea.

"Nimemsamehe," nikamjibu.