Majina Niliyoyaandika Mwisho wa Barua

Siku niliyoondoka Nkowe, kwetu Ruangwa, tulikuwa tunakung'uta ufuta. Mama alikuwa amejifunga khanga kichwani kuzuia vumbi, mimi nageuza mashina makavu juu ya turubai, na kijana wa bodaboda aliyekuja kunichukua alikuwa amekwisha kuzima pikipiki, kwa kuwa alijua hatutaondoka upesi. Kwetu mtu hasafiri mpaka abebeshwe salamu. Majirani walikuja mmoja mmoja. Mwambie Hadija shemeji yake anamsalimu. Mwambie bibi wa kule juu bado anaona kwa jicho moja, anamsalimu. Mwambie mke wa Saidi kajifungua, naye anamsalimu. Sikuandika hata moja. Nilikuwa na sifa ya kutosahau salamu, na niliiringia sifa hiyo kama wengine wanavyoringia sauti nzuri.

"Huyu Somoe akifika ng'ambo atafikisha mpaka salamu za kuku," bodaboda alisema.

"Na zako nitafikisha. Nitasema aliyenileta ana domo."

Hadija ni mdogo wake mama. Aliolewa ng'ambo ya mto Ruvuma, akafiwa na mume, akabaki na cherehani na duka la vitenge. Nilikuwa nakwenda kumsaidia mwezi mmoja. Habari za watu wa msituni wenye bunduki tulikuwa tunazisikia, lakini zilikuwa habari za mbali, za miji mingine, na mama mdogo alikuwa ametuhakikishia kwamba kwao kuko shwari.

Wiki ya pili watu wa msituni walichoma daraja alfajiri. Mchana wakaangusha mnara wa simu.

Tulikimbilia shule ya misheni kwa sababu ilikuwa na ukuta wa mawe, na kwa sababu askari wa kulinda amani kutoka kwetu Tanzania, saba tu, walikuwa wamepiga kambi pale. Kabla jua halijazama tulikuwa watu zaidi ya sitini katika madarasa manne. Geti likafungwa kwa mnyororo.

Siku ya kwanza niliushukuru ukuta ule. Siku ya nne niliuchukia. Ulituachia kipande cha anga na sauti za mbuzi wasio na mwenyewe waliozunguka nje wakilia. Darasani kwetu somo la hesabu lilikuwa limebaki ubaoni, nusu yake, kwa mwandiko mzuri wa chaki, na hakuna aliyethubutu kulifuta. Tulilala chini ya madawati. Tulipima maji kwa kifuniko cha chupa. Nilianza kuwajua watu kwa kikohozi chao.

Aliyewaongoza askari wale alikuwa Luteni Beda, kijana wa Kiegei, Nachingwea, mrefu, mpole, mwenye kutabasamu hata akiwa amechoka. Kazi yake hasa haikuwa kupiga risasi. Alikuwa afisa uhusiano: kunywa chai na machifu, mapadri na masheikh, kusikiliza, kupatanisha. Alikuwa na daftari lenye majina ya watu kutoka mtoni hadi pwani. Simu zilipokufa alirudi kwenye barua. Aliandika kwenye karatasi za madaftari ya wanafunzi, na wanawake watu wazima, ambao watu wa msituni waliwaacha watoke kuchimba mihogo, walizibeba ndani ya khanga. Mama mdogo Hadija alikuwa mmoja wao.

Majibu yalikuwa machache. Sheikh mmoja alijibu kwamba anatuombea. Chifu mmoja alijibu jambo la maana zaidi: kamanda aliyetuzingira alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya korosho ya Nachingwea, na alisoma Kimakua vizuri kuliko Kiswahili.

Mama yangu ni Mmakua. Beda akaniita.

"Dada wa Ruangwa, nasikia unaandika Kimakua."

"Naandika, afande."

"Kumbe huko kwenu kuna shule?"

"Ipo. Ninyi wa Nachingwea mna nini? Mnaringia reli iliyong'olewa kabla baba zenu hawajazaliwa."

Alicheka mpaka askari wa getini akageuka. Kisha akanitajia maneno ya barua. Yalikuwa mistari mitatu: raia hawana silaha, maji yanakwisha, tunaomba wapite njia ya mtoni.

Nilimwambia haifai. Mtu huyu ameishi kwetu, amekula kwetu. Ukimwandikia bila salamu ataona umemwandikia kama mbwa. Beda alifikiri, akakubali, maana hata yeye alikuwa amelelewa hivyo. Nikaanza kwa kumuuliza hali, afya, safari. Nikamkumbusha Nachingwea na mikorosho. Na mwisho, kama inavyotakiwa, nikaweka majina. Anakusalimu Hadija mwenye duka la vitenge. Anakusalimu mzee wa kanisa. Anakusalimu Mganga Ernesto na mkewe Lurdes. Sikuandika Ernesto tu. Niliandika Mganga, kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitutibu usiku na mchana katika darasa la pili.

"Na wewe nikutaje, afande?"

"Hapana. Jina langu usiliweke. Ni la jeshi."

Barua ikaondoka kifuani mwa mama mdogo.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, nyuma ya karatasi ileile. Nilimsomea Beda kwa sauti ya chini, nikitafsiri.

*Salamu nimezipokea. Raia wapite Ijumaa asubuhi. Wote walionisalimu wawe mbele, niwasalimu mwenyewe. Mganga asikose.*

Beda aliniomba nirudie.

Nilisoma mara ya pili, labda nimekosea neno. Sikuwa nimekosea.

Watu wa msituni walikuwa na majeruhi. Walikuwa wakitafuta mtu wa kuwatibu, na hawakujua kwamba tunaye. Sasa walijua, na walijua jina lake.

Tulimwita Ernesto. Alikuja akifuta mikono kwa kipande cha shuka, akasikiliza amesimama. Lurdes alikuwa nyuma yake.

"Tutaandika nyingine," Beda alisema. "Nitamwambia mganga anaumwa. Nitamwambia tulikosea."

"Maji ni ya siku ngapi, afande?"

"Siku mbili."

Ernesto aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia mgonjwa akimweleza dalili anazozifahamu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nani aliandika jina langu?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," Beda alisema.

Nami nikaufunga.

Ijumaa tulitoka wawili wawili. Beda alitembea mbele bila bunduki, kando ya Ernesto. Mimi nilimshika Lurdes mkono. Askari wengine sita walibaki nyuma ya ukuta.

Watu wa msituni walikuwa wanatusubiri pale njia inapoingia kwenye manyasi marefu. Kamanda alikuwa mtu mfupi mwenye shati la shule. Hakuwa na karatasi. Majina aliyashika kichwani, kama mimi.

"Hadija."

Mama mdogo akasogea. Alimwuliza kuhusu duka, akampa pole ya kuchomwa daraja, akamruhusu apite.

"Mzee wa kanisa."

Akapita.

"Mganga Ernesto."

Ernesto akasogea. Yeye hakuambiwa apite.

Lurdes aliita jina la mumewe mara moja. Ernesto hakugeuka. Nadhani alijua kwamba akigeuka sote tutageuka.

Beda akasema, kwa Kiswahili, kwamba na yeye achukuliwe, aende na mganga, awe dhamana yake. Kamanda alimtazama.

"Wewe hukunisalimu," alisema.

Tukapita. Hakuna risasi iliyopigwa. Tulitembea mpaka mtoni, tukavuka, tukapewa uji na mablanketi. Watu walicheka, walilia, walitafutana. Watu zaidi ya sitini, na mmoja pungufu. Wiki iliyofuata msaada uliwafikia askari waliobaki shuleni. Ernesto hakuonekana tena, si hai, si maiti. Waliotoroka msituni baadaye walisema walimwona akishona majeraha chini ya turubai. Wengine walisema siye.

Sasa naandika riwaya. Watu wasiokuwepo nawapa majina kila siku, bila woga. Beda aliacha jeshi. Ananiandikia mara mojamoja, barua fupi zinazoanza na jambo na kuishia na jambo, bila salamu. Katika mojawapo alisema kwamba hata leo watu wanamsifu kwa kuokoa raia bila kufyatua risasi, na hajui afanye nini na sifa hiyo. Hajawahi kunilaumu. Hajawahi kujisamehe kwa kulificha jina lake huku ya wengine yakiandikwa.

Lurdes anaishi Nachingwea mjini. Anapika maandazi, na kila ninapopanda kutoka Ruangwa ninapita kwake. Kwa miaka mingi alimtaja Beda kwa uchungu mbele yangu, nami nilikaa kimya, nikila maandazi yake. Kimya hicho kilikuwa shule ya misheni nyingine, na mnyororo nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimwambia.

Alikuwa anakanda unga. Nilimweleza yote: karatasi, salamu, neno Mganga, mdomo niliofungua na kuufunga. Hakuacha kukanda. Niliposema la mwisho alikata donge moja, akalisukuma, akalikata vipande vinne, akavipanga kwenye sinia.

"Usingemtaja," alisema, "wangesema hapana, na maji yangekwisha. Ernesto mwenyewe angetoka nje kwenda kuwaomba. Namjua."

"Ndiyo, dada."

"Lakini hukumwacha ajitaje. Ulimtaja wewe."

"Ndiyo."

"Na yule kijana wa watu nimemlaani miaka yote hii."

Alinawa mikono, akaikausha, akanifungia maandazi kwenye gazeti kama kawaida yake. Aliponikabidhi hakunitazama.

"Wiki ijayo usije," alisema. "Njoo ile nyingine. Uje na anwani ya Beda."