Tulilipa kiingilio kuwaona samaki wa Ziwa Nyasa, kijiji kikaambiwa hakuna mgeni aliyefika

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Leo nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa kukatakata. Haya ni yangu mwenyewe, sijahadithiwa. Nikiongeza chumvi popote, Mods futeni uzi.

Mimi ni mwanamke wa Kihehe, nimezaliwa Mlandege, Iringa, nimeolewa Kyela kwa Wanyakyusa. Naishi Mbeya mjini na mume wangu Ambakisye na mtoto wetu Lusajo. Kazi yangu ni kupeleka watu matembezi ya wikiendi. Wateja wangu ni watu wa maofisini, wachimbaji wa Chunya waliopata, wenye maduka pale sokoni. Tunapita Tukuyu, tunashuka ziwani, tunalala, Jumapili tunarudi.

Sasa kabla sijafika kwenye kisa, lazima mjue jambo moja la ukweni kwangu.

Kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Humtazami usoni. Ukimwona anakuja njiani, unaacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Una neno naye? Mpe mtu wa tatu apeleke. Hata jina lake hulitamki, na hapa sitaliandika.

Najua kuna watakaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mjini ndiyo, wengi wameacha. Kule kijijini kwetu bado. Mama yangu aliniambia siku ya kuagwa, ukifika kwa wenye chongo, na wewe funga lako. Nikafunga. Tena nilijivunia, maana wakwe walikuwa wanasema yule Mhehe ana adabu kuliko mabinti zetu.

Tuendelee.

Kijiji cha wakwe zangu kiko ng'ambo ya ufukwe wenye hoteli, chini ya milima, hakuna barabara ya gari. Ni kutembea kwenye mawe au kupanda mtumbwi. Mbele yake kidogo majini kuna miamba mikubwa, na humo wanaishi wale samaki wadogo wa rangi, bluu, njano, milia, ambao wageni wanavaa miwani na kuzama kuwatazama. Magege, samaki wa kitoweo, nao wanazalia hapo hapo.

Miaka mitatu iliyopita ulikuja mradi. Mratibu wake akawaambia wanakijiji: fungeni miamba, msivue hapo, iwe hifadhi. Wageni watalipa kiingilio, sehemu ya kiingilio ni ya kijiji, na kitu cha kwanza kitakachonunuliwa ni boti ya injini ya kupeleka wagonjwa na wajawazito hospitali.

Watu walikataa. Hapo ndipo walipokuwa wanapata mboga ya watoto wao, ungekubali wewe?

Aliyewageuza ni baba mkwe wangu. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Akaweka dhamana jina lake, akakubali kuwa mlinzi wa miamba bila mshahara. Akawekewa kiti bandarini, pale mitumbwi inapofikia, na daftari la wageni. Kila mgeni ashuke pale, asaini, ndipo aende kwenye miamba.

Mzee akakaa. Mvua, jua, yuko pale na daftari lake.

Geti la kulipia likajengwa upande wa pili, kule kwenye hoteli. Kuna bango kubwa limechorwa boti nyekundu na mama mjamzito ndani yake. Chini limeandikwa kwamba kiingilio chako kinaokoa maisha.

Mimi nimelipa geti lile mara nyingi mno. Wageni wangu wote wamelipa. Risiti ninazo zote, kwa sababu wateja wa maofisini wanapenda kudai risiti halafu wanazisahau kwenye gari.

Lakini sikuwahi kuwapitisha bandarini.

Ningepitaje? Baba mkwe kakaa pale pale, uso kwa uso na ziwa. Nikishuka na wageni nitamkimbilia wapi? Kwa hiyo tangu safari ya kwanza nilimwambia nahodha wa boti tunayokodi getini azunguke nyuma ya miamba, atie nanga huko, wageni waogelee, turudi. Niliona ni heshima. Nahodha akaona njia ni fupi, akawafundisha wenzake. Baada ya muda boti zote za geti zikawa zinapita nyuma. Kwa yule aliyekaa bandarini, miamba inaziba kila kitu, na injini unazisikia kwa mbali tu, hujui ni za nani wala zinakwenda wapi.

Hapo sikuwaza chochote. Wallahi sikuwaza.

Mwaka jana wifi yangu Tupokigwe, dada yake Ambakisye, alishikwa na uchungu Jumamosi asubuhi. Wakamweka kwenye mtumbwi wa makasia. Upepo ulikuwa wa mbele. Akajifungulia majini kabla ya kufika. Mtoto hakukaa.

Jumamosi hiyo hiyo mimi nilikuwa nyuma ya miamba. Nina boti ya injini, wageni wanakula chapati na kupiga picha.

Nililia sana nilipopigiwa simu Jumatatu. Lakini bado, wakuu, akili yangu haikuunganisha mambo. Nilijua tu kwamba boti ya kijiji haijaja, nikalaumu serikali, mradi, kila mtu, kama tunavyolaumu humu jukwaani kila siku.

Aliyenifumbua macho ni Bi Shirin. Huyu ni bibi wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Mbeya mjini, mwanamke wa maneno machache. Mwezi uliopita nilimpeleka yeye na wajukuu zake. Pale getini akasimama mbele ya bango, akalisoma lote, akaangalia huku na huku kwenye maji.

"Mama Lusajo," akaniuliza, "hii boti nyekundu iko wapi?"

Nikamwambia bado haijanunuliwa.

"Na watu wote tunaolipa hapa, tunanunua nini?"

Alikuwa ameshika risiti mkononi. Nikaitazama ile risiti kwa mara ya kwanza kama mtu anayejua kusoma. Ina mstari wake kabisa: mchango wa kijiji.

Jioni ile nikampigia wifi. Akaniambia usiniulize habari za hela, huku kumechafuka. Alhamisi kuna mkutano. Watu wanasema baba kaila hela ya boti, wanagawana na mratibu. Wanataka kumvua ulinzi na miamba ifunguliwe, kila mtu arudi na wavu wake.

Hebu fikirieni. Mzee amezika mjukuu kwa kukosa boti, halafu anaambiwa boti kaila yeye.

Alhamisi nikafika. Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi. Baba mkwe kakaa mbele kwenye dawati la mwalimu, kwa hiyo mimi ndani siingii. Nikasimama nje, kando ya dirisha, kanga kichwani, mgongo nimeupa ukuta. Wifi akakaa ndani karibu na dirisha.

Nikamsikia mratibu. Sauti laini, ya mtu aliyekula akashiba. Akawaambia ndugu zangu, tatizo wageni hawaji. Mradi una nia njema lakini bila wageni hakuna hela. Kisha akaomba daftari la bandarini, akalifungua mbele za watu.

"Daftari hili mmelitunza wenyewe, siyo mimi," akasema. "Lina majina mangapi?"

Wifi akaninong'oneza kwamba kurasa karibu zote ni tupu. Majina yalikuwa manne, na mawili ni ya wamishenari waliopotea njia.

Hapo nikajua nani amelifanya daftari lile liwe tupu. Kikulacho ki nguoni mwako, wakuu. Mwizi ni mratibu, lakini aliyemshikia taa ni mimi na adabu zangu.

Nikamnong'oneza wifi. Akasimama, akasema wifi yangu yuko nje, anasema wageni wapo, yeye mwenyewe anawaleta. Mratibu akacheka kidogo, akasema mkutano haujadili maneno ya dirishani.

Nikaona isiwe tabu. Nikapitisha mfuko wa risiti dirishani, nikasema kwa sauti yangu, baba mkwe akinisikia kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Hizo ni za wageni wangu peke yangu. Kila moja ina mchango wa kijiji. Someni."

Mwalimu mkuu akaanza kusoma, moja baada ya nyingine. Mratibu akaanza habari za mchakato, kwamba fedha ziko kwenye mchakato, mchakato una ngazi zake. Dakika mbili nyuma wageni hawakuwepo, sasa fedha zao zina ngazi!

Kisha nikasikia sauti ya mzee. Hakuniuliza mimi, aliuliza watu, kama mila inavyotaka.

"Mwulizeni huyo aliyeko nje. Wageni hao alikuwa anawapitisha wapi?"

"Nyuma ya miamba," nikasema.

"Mwulizeni kwa nini."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini nimeshafungua mdomo, nitaufungaje?

"Kwa sababu baba anakaa bandarini."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alikuwa na mkamwana au ni mkamwana. Walielewa vizuri sana.

Mzee akasema, "Mwambieni Jumamosi apitishe boti bandarini, na wenzake wote. Nikisikia injini, nitageuza kiti."

Mkutano ukaamua miamba ibaki imefungwa, mzee abaki, na hakuna boti ya geti itakayofika kwenye miamba bila kushusha wageni kijijini kwanza. Barua na nakala za risiti zimepelekwa wilayani. Mratibu aliahidi kurudi na majibu. Mpaka naandika hapa, simu yake haipokelewi.

Jumamosi nikaenda. Nahodha alipopunguza moto wa injini nikamwona mzee kwa mbali. Alishika kiti chake, akakigeuza, akakaa akiangalia mlima, mgongo kwa ziwa. Mtu aliyelinda maji miaka mitatu ameyapa mgongo ili mimi nipite.

Daftari lilikuwa juu ya jiwe, kalamu imefungwa kwa uzi. Wageni wakasaini. Nami nikasaini.

"Ni wangapi?" akauliza, akiuelekea mlima.

"Tisa, tata," wifi akamjibu baba yake kutoka ufukweni.

"Waandikwe wote."

Ambakisye anasema nijisamehe. Bado sijaweza. Kila nikifika pale natazama yale maji aliyopita Tupokigwe, na boti nyekundu bado iko kwenye bango tu.

Nilichojifunza ni hiki: heshima kwa mkwe nitaendelea nayo, sitaiacha. Lakini kunyamaza mbele ya mla jasho la watu siyo heshima, na mimi nilikuwa nimevichanganya. Wezi wa namna hii hawahitaji kificho kikubwa. Wanahitaji tu watu wenye adabu wapite nyuma.

Matusi leteni, ushauri leteni, wanasheria ndiyo nawahitaji zaidi. Ila kabla hujakomenti, jibu kwanza swali la Bi Shirin: kiingilio ulicholipa mara ya mwisho kwenye hifadhi yoyote, kilinunua nini, na ulimwuliza nani?